Dola 6,500 za Sukari

Mwezi wa Septemba mwaka 2016, jarida la tiba la Marekani liitwalo JAMA Internal Medicine lilichapisha makala ambayo haikuleta habari ya dawa mpya wala ya maradhi mapya, bali ilifukua barua zilizokuwa zimelala katika masanduku ya maktaba kwa nusu karne, na zilipofukuliwa zikawatia haya watu wengi ambao hawakuwa wamezaliwa siku zilipoandikwa. Aliyeziibua ni Bibi Cristin Kearns, daktari wa meno aliyegeuka mtafiti baada ya kustaajabu kuona kijitabu cha kuwashauri wagonjwa wa kisukari kisichosema neno lolote juu ya kupunguza sukari. Naye alishirikiana na Laura Schmidt na Stanton Glantz, wote wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco. Barua zenyewe hazikufungiwa kwa kufuli. Nyingine zilikuwa miongoni mwa karatasi za Roger Adams, profesa wa kemia wa Illinois aliyekuwa mmoja wa washauri wa wenye viwanda vya sukari, na nyingine miongoni mwa karatasi za Mark Hegsted, profesa wa lishe wa Harvard. Yeyote mwenye subira angaliweza kuzisoma, illa hapakuwa na aliyeona haja.

Ili maana ya barua hizo idhihirike, hatuna budi kurudi nyuma katika miaka ya 1950, wakati Wamarekani walipokuwa na hofu kubwa juu ya mioyo yao. Wanaume wa makamo, wenye kazi nzuri na meza zilizojaa, walikuwa wakianguka ghafula na kufa, na tarehe 24 Septemba 1955 Rais Dwight Eisenhower mwenyewe alishikwa na mshtuko wa moyo akiwa Denver. Na kwa kuwa tabibu wake, Paul Dudley White, aliwaeleza wananchi waziwazi habari za mishipa ya moyo na jinsi inavyoziba, jambo lililokuwa la matabibu tangu hapo likawa mazungumzo ya kila nyumba. Kila mtu alitaka kujua mkosa ni nani mezani pake.

Majibu yalikuwa mawili, na kila jibu lilikuwa na mtetezi mwenye ulimi mkali. Profesa Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota alishika kwamba asili ya balaa ni mafuta, hasa yale yagandayo, kama siagi, shahamu ya nyama na mafuta ya maziwa, ambayo huzidisha kolesteroli katika damu. Mwaka 1958 yeye na wenzake walianza kuwafuatia wanaume 12,763 wa umri wa miaka 40 hadi 59 katika nchi saba, nazo ni Marekani, Finland, Uholanzi, Italia, Ugiriki, Yugoslavia na Japani, nao wakaona kwamba wakata miti na wakulima wa mashariki ya Finland, waliokula siagi na maziwa kwa wingi, walipatwa na maradhi ya moyo kuliko wenzao wa kisiwa cha Krete, ambao nao walikula mafuta mengi, lakini ya zeituni. Walakini huko London, katika chuo cha Queen Elizabeth, alikuwako Profesa John Yudkin aliyeona kwamba hesabu za namna hii haziaminiki sana, kwa maana mwaka 1957 alionyesha kuwa takwimu za Uingereza zilizolingana zaidi na vifo vya moyo hazikuwa za mafuta wala za sukari, bali za idadi ya redio na televisheni zilizoandikishwa. Na baada ya mzaha huo wa kitaalamu akaendelea kudai, kwa bidii iliyoongezeka mwaka baada ya mwaka, kwamba kitu cha kushukiwa kwanza ni sukari. Mwaka 1972 alikitoa kitabu chake kiitwacho Pure, White and Deadly. Keys alimdharau hadharani, na dharau ya mtu mwenye sifa kubwa ni silaha isiyohitaji burhani.

Wenye viwanda vya sukari hawakukaa pembeni wakitazama ugomvi huo. Walikuwa wameunda taasisi yao, Sugar Research Foundation, tangu 1943, na mwaka 1954 rais wake, Henry Hass, alisimama mbele ya wataalamu wa sukari akawapigia hesabu ambayo mfanyabiashara yeyote wa sokoni angeifahamu mara moja: iwapo Wamarekani watashawishika kupunguza mafuta hata yawe asilimia 20 tu ya nguvu waipatayo katika chakula, na nafasi iliyoachwa ikajazwa na vyakula vya wanga, basi ulaji wa sukari kwa kila mtu utapanda kwa zaidi ya theluthi moja. Mafuta yakichukiwa, sukari itapendwa. Hapakuwa na uongo katika hesabu hiyo, wala haikuwa siri, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini watu wanaouza sukari walijali mno ushahidi dhidi ya bidhaa wasiyoiuza.

Tarehe 11 Julai 1965 gazeti la New York Herald Tribune liliipa ukurasa mzima habari ya utafiti mpya ulioielekezea sukari shutuma za maradhi ya moyo. Siku mbili baadaye taasisi ya sukari ikaidhinisha mradi uliopewa namba 226, nao ulikuwa kuwaomba maprofesa wa Harvard waandike makala ya kupitia na kupima tafiti zote zilizopo juu ya mafuta, wanga na maradhi ya moyo. Aliyesimamia shughuli alikuwa John Hickson, makamu wa rais wa taasisi na mkuu wake wa utafiti. Na walioombwa ni Robert McGandy na Mark Hegsted, chini ya Fredrick Stare, mkuu wa idara ya lishe, ambaye mwaka huohuo alikuwa akikaa pamoja na washauri wa kisayansi wa taasisi. Hapo kwanza Hegsted aliahidiwa dola 500 na McGandy dola 1,000, nusu wakianza kazi na nusu watakapoarifu kwamba makala imekubaliwa kuchapishwa. Hatimaye malipo yote yakafika dola 6,500, ambazo kwa thamani ya fedha za 2016 zilikaribia dola 50,000.

Barua za miezi iliyofuata zina adabu kamilifu, na ni adabu hiyo inayomshtua msomaji kuliko matusi yoyote. Mwisho wa Julai Hickson anamkumbusha Hegsted kwamba haja yao hasa ni madai yanayoilaumu sukari kwa hitilafu ambazo zamani zilihesabiwa kuwa za mafuta, na kwamba atasikitika endapo jambo hilo litazama katika mafuriko ya maelezo ya jumla. Hegsted anajibu kwamba wanaielewa vema haja yao, na kwamba watalishughulikia jambo hilo kadiri wawezavyo. Baadaye anaomba radhi kwa kuchelewa, akieleza kuwa kila mara kundi la watafiti wa Iowa, waliokuwa wakiishuku sukari, litoapo makala mpya, wao hulazimika kuirekebisha sehemu ya kuijibu. Mwaka 1966 Hickson anaomba kuziona rasimu, na mwezi wa Novemba anaandika kwamba hivi ndivyo hasa walivyokusudia na kwamba wanangoja kwa hamu kuiona imechapwa. Hakuna mahali panaposomeka amri ya kusema uongo, wala mahali ambapo profesa anaahidi kusema uongo. Ni watu wawili waungwana wanaofahamiana, mmoja ana haja na mwingine anaijua haja hiyo.

Makala ilitoka katika New England Journal of Medicine kwa sehemu mbili, Julai na Agosti 1967, na hukumu yake ilikuwa kwamba, kwa upande wa chakula, kinga ya maradhi ya moyo ni moja tu: kupunguza kolesteroli chakulani na kuyatumia mafuta ya mimea yasiyoganda badala ya yale yagandayo. Namna hukumu hiyo ilivyofikiwa ndiyo sehemu yenye mafunzo. Tafiti zilizoishuku sukari zilichukuliwa mojamoja na kutiwa dosari: hii ilitumia panya, ile ilitumia sukari nyingi kuliko watu walavyo, nyingine ilitazama jamii nzima ambamo mambo mengi hubadilika kwa pamoja. Dosari hizo zilikuwa za kweli. Lakini tafiti zilizoyashuku mafuta, ambazo nazo zilikuwa na dosari za jinsi hiyohiyo, zilipewa huruma, na majaribio machache yaliyopima kolesteroli peke yake yakakubaliwa kama ushahidi wa kutosha. Mizani ilikuwa mbili, na kila bidhaa ilipimwa kwa mizani yake. Waandishi waliwataja wafadhili wao wengine mwishoni mwa makala, lakini taasisi ya sukari haikutajwa.

Insafu yatudai tuseme na upande wa pili. Mwaka 2018, katika jarida la Science, wanahistoria David Merritt Johns na Gerald Oppenheimer walipinga hadithi hii isigeuzwe kuwa njama, wakasema kwamba fedha za viwanda katika utafiti wa lishe zilikuwa jambo la kawaida siku zile, kwamba maprofesa wale walikuwa wakiamini hoja ya mafuta kabla hawajalipwa senti, na kwamba majarida hayakuwa na kanuni kali ya kutaja wafadhili. Na ni kweli kwamba New England Journal of Medicine lenyewe lilianza kuwadai waandishi watamke maslahi yao mwaka 1984 tu. Idara ya Stare ilikuwa imekwisha kupokea, mwaka 1960, zaidi ya dola milioni moja kutoka kampuni ya vyakula ya General Foods kwa ajili ya maabara zake, tena kwa sherehe na wala si kwa kificho. Nayakubali yote hayo, na bado naona kwamba yanaiongezea hadithi uzito, hayaipunguzii. Anayenunua uongo hujiweka katika hatari ya kufichuliwa, lakini anayemtafuta mtu aliyekwisha kuamini lenye faida kwake, akamlipa apate nafasi ya kulisema kwa sauti kubwa zaidi, hana la kuficha na aghalabu hupata zaidi ya thamani ya fedha yake.

Dhahiri zaidi, kwa maoni yangu, ni jambo lililofuata, ambalo Kearns na wenzake walilieleza mwaka 2017 katika PLOS Biology. Kuanzia 1968 taasisi ileile, ikiwa sasa imeongeza neno la kimataifa katika jina lake, ilimlipa mtafiti mmoja wa Chuo Kikuu cha Birmingham, W. F. R. Pover, achunguze kwa panya kama sukari huathiri mafuta ya damu kwa kupitia vijidudu vya matumbo. Dalili za awali zilionyesha kwamba huathiri, na isitoshe zilionyesha uhusiano na kimeng'enya kilichokuwa kikishukiwa wakati ule kuwa na sehemu katika saratani ya kibofu cha mkojo. Pover aliomba muda kidogo na fedha kidogo amalize kazi. Mwaka 1970 ufadhili ukakatwa, na matokeo hayakuchapishwa. Panya si watu, na huenda jaribio lile lingalikwisha bila kuthibitisha kitu kikubwa; lakini mwenye bidhaa ndiye aliyeamua swali lipi liulizwe mpaka mwisho na lipi liachwe njiani. Hickson naye akahamia kwa wenye biashara ya sigara, ambako waraka mmoja wa ndani wa mwaka 1972 ulimsifu kuwa ni bingwa wa siasa za sayansi aliyefaulu, kwa ajili ya sukari, kuifanya saikilamati, dawa ya utamu iliyoshindana nayo, ihukumiwe kwa ushahidi dhaifu.

Sasa msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: baada ya ugomvi wote huo, ni kipi kinachodhuru, mafuta au sukari? Jibu la maulamaa wa tiba wa leo ni kwamba swali limeulizwa vibaya, na waliotuzoeza kuliuliza hivyo ni hao waliokuwa wakiuza kimoja kati ya hivyo viwili.

Tuanze na mafuta. Kolesteroli haielei katika damu peke yake, bali husafirishwa ndani ya vifurushi vidogo, na vile vinavyoitwa LDL ndivyo vyenye shari vikizidi. Ini ndilo linaloviondoa vifurushi hivyo katika damu, na mafuta yagandayo, yakiliwa kwa wingi, hulipunguzia ini uwezo huo, basi vifurushi hubaki vikizunguka, vikapenya ukuta wa mshipa na kujenga tabaka ambalo huufanya mshipa uwe mwembamba pole pole. Na siku tabaka hilo lipasukapo, damu huganda juu yake, mshipa wa moyo huziba, na hapo ndipo mtu huanguka. Mwaka 1965 Hegsted mwenyewe alitoa fomyula ya kukisia jinsi kila namna ya mafuta inavyopandisha au kushusha kolesteroli, na kazi hiyo haijatanguka. Kwa hiyo wale wanaosema kwamba kufichuliwa kwa barua kumeitakasa siagi wanakwenda mbali kuliko ushahidi. Nusu ya hukumu ya 1967 ilikuwa sahihi.

Nusu iliyofichwa ni hii. Sukari ya mezani ni glukosi na fruktosi zilizoungana sawa kwa sawa. Glukosi hutumiwa na viungo vyote vya mwili, vingi kwa msaada wa insulini, lakini fruktosi sehemu kubwa huishia katika ini, na ikija nyingi na kwa kasi, kama inavyokuja katika kinywaji, ini huigeuza mafuta: mengine hupelekwa katika damu kwa jina la trigliseridi, mengine hubaki palepale yakalifanya ini lenyewe kuwa na mafuta. Tena mwili hauhesabu vizuri nguvu iliyonywewa. Mtu aliyekunywa soda hali chakula pungufu kwa kipimo cha soda aliyokunywa, basi nguvu hiyo huongezeka juu ya ile ya sahani, uzito hupanda, na kisukari cha ukubwani hukaribia. Meno sina haja ya kuyaeleza, kwa kuwa kila mzazi anayajua.

La muhimu kuliko yote ni hili: anayepunguza mafuta lazima ale kitu kingine, na afya yake itategemea kitu hicho. Akiiacha shahamu akatumia mafuta ya alizeti, ya soya au ya zeituni, hatari ya moyo hupungua. Akiiacha shahamu akala mkate mweupe na biskuti tamu, hapati faida ya kuonekana. Hesabu ya Henry Hass ya 1954 ilikuwa imesimama juu ya badilishano hilo la pili, na viwanda vya vyakula vilipoanza kuuza mtindi, keki na vitafunio vilivyoandikwa kwamba vina mafuta kidogo, mara nyingi sukari ndiyo iliyotiwa ili ladha irudi.

Kisa hiki kina tawi linalotugusa sisi watu wa nazi. Katikati ya miaka ya 1980 chama cha wakulima wa soya wa Marekani kiliendesha kampeni ya kuyachongea mafuta ya mawese na ya nazi, na mwaka 1988 tajiri mmoja wa Nebraska, Phil Sokolof, aliyekuwa ameponea chupuchupu katika mshtuko wa moyo, akanunua kurasa nzima za magazeti kuzishutumu kampuni zilizotumia mafuta hayo. Kwamba nazi ina mafuta mengi yagandayo ni kweli, kwani yapita asilimia 80 ya mafuta yake. Mawese yana kiasi cha nusu. Lakini kampuni zilipoyaondoa mafuta hayo ziliweka mahali pake mafuta ya soya yaliyogandishwa kiwandani kwa hewa ya haidrojeni, kwa ufundi uliojulikana tangu Procter & Gamble ilipoanza kuuza mafuta ya kupikia yaitwayo Crisco mwaka 1911, na ufundi huo huzaa mafuta ya transi, ambayo hupandisha LDL na papo hapo hushusha ile kolesteroli yenye manufaa; yaani yana madhara kuliko yale yaliyofukuzwa. Fred Kummerow wa Illinois alikuwa akiyashuku tangu 1957. Denmark iliyawekea kikomo mwaka 2003. Marekani ilitoa amri mwaka 2015, Kummerow akiwa hai na umri wake umepita miaka 100. Na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zote ziyaondoe katika vyakula vya viwandani. Tui la nazi katika wali wa Ijumaa na mafuta ya kopo yaliyokaangiwa andazi mara kumi si mambo ya kuhukumiwa pamoja, ingawa anayelila tui hilo kila siku, asubuhi na jioni, naye asijidanganye kwamba asili ya kitu ni kinga ya madhara yake.

Kuhusu Hegsted kuna jambo ambalo waandishi wengi wa magazeti waliliruka mwaka 2016, kwa kuwa huitibua hadithi yao. Mwanzoni mwa 1977 kamati ya Seneti iliyoongozwa na George McGovern ilitoa malengo ya kwanza ya chakula kwa taifa la Marekani, na mmoja wa waliosimama kuyatetea mbele ya waandishi wa habari alikuwa yeye. Malengo hayo yaliwataka watu wapunguze mafuta, na yakawataka wapunguze na sukari kwa kiasi kikubwa. Wafuga ng'ombe walikuja juu, na toleo la pili lilipotoka mwezi wa Desemba, maneno ya kupunguza nyama yalikuwa yamelainishwa yakawa ushauri wa kuchagua nyama itakayopunguza mafuta yagandayo. Mwaka uliofuata Hegsted akaingia katika Wizara ya Kilimo kuongoza kazi za lishe, na mwongozo wa 1980 uliotoka wakati wake ulionya juu ya kuzidisha sukari. McGovern, seneta wa jimbo la wafugaji, alishindwa katika uchaguzi wa mwaka huohuo, ingawa si kwa sababu ya nyama pekee. Mtu aliyepokea fedha za sukari mwaka 1965 hakuwa mtumwa wa sukari mwaka 1977, na huyo ni mtu wa kawaida zaidi, na kwa hiyo wa kutia wasiwasi zaidi, kuliko khabithi wa kwenye tamthilia.

Yaliyokuwa yakitendeka kwa barua mwaka 1965 hutendeka leo kwa mikataba mirefu. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilieleza jinsi Coca-Cola ilivyotoa dola milioni 1.5 kuanzisha mtandao wa wanasayansi, Global Energy Balance Network, uliowaambia watu kwamba wanashughulika mno na kile wanachokula na kunywa na wanasahau mazoezi. Kabla mwaka haujaisha mtandao ukavunjwa, na Chuo Kikuu cha Colorado kikarudisha dola milioni moja. Aliyetaka kujua kama fedha hubadili hitimisho alikuwa na pa kutazama tangu 2013, pale watafiti walipokusanya makala za mapitio juu ya vinywaji vya sukari na unene, wakazigawa mafungu mawili. Kati ya hitimisho 12 za waandishi wasio na uhusiano na viwanda vya chakula, 10 zilisema vinywaji hivyo vyaongeza unene. Kati ya 6 za wenye uhusiano, 5 zilisema ushahidi hautoshi. Wote walikuwa wakipima tafiti za swali lilelile.

Wala shinikizo haliishii kwa maprofesa. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilipotaka kutoa ripoti iliyopendekeza kwamba sukari inayoongezwa katika chakula, pamoja na ya asali na ya maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nguvu ya chakula cha mtu, chama cha wenye sukari cha Marekani, Sugar Association, kilimwandikia mkurugenzi mkuu, Bibi Gro Harlem Brundtland, kikatishia kuliomba Bunge la Marekani liiangalie upya michango ya nchi hiyo kwa shirika, iliyokuwa dola milioni 406. Ripoti ilitoka hivyohivyo. Mwaka 2015 shirika likatoa mwongozo mpya, na kiwango kikabaki kilekile, asilimia 10, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, vijiko 12 vya chai. Kisha likaongeza kwamba itakuwa afadhali zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani vijiko 6. Chupa moja ya soda ya kola, ile ya kioo ya mililita 300 ambayo mgeni huletewa kabla hajaulizwa, ina sukari ya vijiko 7 au 8, na chai ya maziwa ya asubuhi bado haijahesabiwa.